Mtoto anaumwa na yuko nyumbani: mwongozo kamili wa michezo ya utulivu isiyomchosha

Mtoto akiumwa, habari ya dawa wengi tunaimudu. Zahanati tunaijua, kipimo cha dawa kimeandikwa kwenye chupa, na jirani yupo wa kuuliza. Kinachotushinda ni saa nne asubuhi. Dawa ameshapewa, uji amekunywa vijiko vichache, usingizi hana, nguvu za kwenda nje hana, na analia kwa sababu hajui la kufanya. Hapo ndipo simu inapotolewa, na ikishatolewa hairudi hadi jioni.

Mwongozo huu ni wa saa hizo. Nimeuandika nikifikiria nyumba zetu za Dodoma: bati linalochoma saa saba mchana mwezi wa kumi, vumbi linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, sebule yenye mkeka na godoro moja, na bajeti isiyo na fungu la midoli. Karibu kila kitu kilichotajwa humu kipo jikoni, dukani kwa jirani au sokoni Majengo.

Jambo ninalolishikilia ni hili: mchezo wa mgonjwa tunauchagua kwa kuangalia nguvu unazomdai mtoto. Uzuri wake unafuata baadaye. Na ukimtazama vizuri anavyoucheza, mchezo huohuo unakuonyesha kama anapata nafuu au anazidiwa.

Kwanza: huyu ni wa kucheza au wa kupelekwa hospitali?

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi kwamba ukimwita haamki sawasawa, apelekwe hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mwenye shingo iliyokakamaa, na mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote. Kama anakohoa na unahisi anahema haraka, mfunue kifua, subiri atulie, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kukuche.

Homa yoyote ipimwe malaria. Dodoma haina malaria nyingi kama Kigoma au Geita, na sifa hiyo imefanya watu wengi hapa mjini waseme "ni mafua tu" bila kupima. Lakini watoto wetu husafiri likizo, wageni huja, na mbu huzaliana mvua zikinyesha. Mpime siku hiyohiyo au kesho yake, michezo ifuate.

Akishapimwa na kupewa dawa, mchezo unaanza kukusaidia kumjua. Mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake (aspirini si dawa ya mtoto), kisha subiri kama saa moja. Homa ikishuka, watoto wengi huinua kichwa, huulizia kaka zao, hutaka kujua nini kinapikwa. Huyo anza naye kitu kidogo. Ila yule ambaye homa imeshuka na bado hataki hata kuangalia kitu anachokipenda kila siku, mrudishe kwa daktari umweleze hivyohivyo: "Homa imeshuka lakini hachezi." Wahudumu wa afya wanalielewa neno hilo. Kumbuka pia kwamba kuchangamka baada ya dawa hakumaanishi amepona. Dawa imemshushia joto tu, na akiachiwa akimbie mchana kutwa, jioni homa hurudi na kumkuta hoi.

Pili: pima kwa mkao wake

Usianze kwa kuuliza umri. Anza kwa kumtazama amekaaje bila kulazimishwa. Kama amelala chali au ubavu na hataki kuinuka, mpe michezo ya masikio na ngozi: kusikia, kubahatisha, kuguswa. Kama anaegemea mito au mapaja yako, mikono yake inaweza kufanya kazi kidogo, kwa dakika kumi au kumi na tano. Akikaa mwenyewe mkekani, umri sasa una maana na unaweza kumpa kazi ya kutengeneza kitu.

Mkao hubadilika ndani ya siku moja. Asubuhi anaweza kukaa, alasiri akarudi kulala. Kwa hiyo chagua michezo inayoweza kuachwa katikati bila mtu kushindwa wala kitu kuharibika. Ndiyo maana fumbo la vipande mia moja halifai kwa mgonjwa. Litamkasirisha, na hasira humchosha kuliko homa.

Dalili za kusimamisha ni rahisi kuziona: anapikicha macho, anatupa vitu, anajibu "sijui" kwa kila swali, au mashavu yanaanza kuiva tena. Ondoa vifaa kimya kimya, mpe maji, umwache alale.

Tatu: mtandikie mahali

Chumbani peke yake mtoto anahisi ametengwa, na kila dakika tano atakuita. Mtandikie godoro sebuleni, mahali anapokuona ukifanya kazi zako. Chagua upande usiopigwa na jua la alasiri na usio njia ya moshi wa mkaa. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma hubeba vumbi jekundu, kwa hiyo fungua dirisha la upande usiopigwa na upepo, na piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Ufagio mkavu unalirusha vumbi lote puani mwa mtoto mwenye kifua. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huwa na baridi kali, basi mvishe soksi na sweta jepesi, ila mwenye homa usimrundikie mablanketi.

Karibu naye weka kikombe cha maji, ndoo ndogo kama anatapika, kitambaa cha pua, na ubao wa kuwekea vitu mapajani. Sinia pana la chakula lililogeuzwa linafaa sana kwa ubao huo. Lina ukingo, na vitu havidondoki kitandani.

Halafu kuna boksi la mgonjwa. Hili litayarishe siku ambayo hakuna anayeumwa, ulifiche juu ya kabati. Tia vizibo vya soda vilivyooshwa, mbegu za ubuyu, viberiti vitupu, kalamu za rangi na daftari jipya, uzi wa kufumia, vipande vya vitenge, mkasi wa watoto, karata na picha za zamani za familia. Litoke tu siku za ugonjwa. Mtoto anayekutana na vitu hivyo mara chache mwakani atavishangaa hata akiwa dhaifu.

Akiwa amelala: michezo ya masikio

Vitendawili ndivyo mgonjwa anavyoviweza kwanza kabisa, maana mdomo tu ndio unaofanya kazi. "Kitendawili!" "Tega!" Anza na vile ambavyo jibu lake analiona akiwa hapo alipo: "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni," na kikombe kiko pembeni yake. "Fika umwone umpendaye," na kioo kipo ukutani. "Kila niendako ananifuata," na kivuli chako kiko sakafuni. "Nyumba yangu haina mlango," na yai liko jikoni, atalikumbuka. Akikosa, desturi inasema akupe mji, na utamu wenyewe uko hapo. Akisema "Nakupa Kondoa," wewe unakwenda Kondoa na kumsimulia: nimeshuka stendi, nimepita njia ya Kolo nikaona michoro ya mapangoni iliyochorwa na watu wa kale, nimekunywa maziwa, nimerudi. Kisha ndipo unatoa jibu. Safari ndefu mpe pale macho yake yanapoanza kulegea, maana mara nyingi atalala kabla hujarudi.

Hadithi za Sungura na Fisi zinafuata. Mgonjwa anataka hadithi anayoijua tayari, kwa kuwa haimdai kufikiri sana. Irudie ileile mara tatu, usione aibu. Ukitaka kumshirikisha, acha neno la mwisho la sentensi alimalizie yeye.

Kama bibi yuko Mpwapwa au Kongwa na ana simu inayopokea sauti, mwombe arekodi hadithi fupi na kumtumia mjukuu. Sauti ya bibi akisema "mjukuu wangu, pole, sikiliza" inamtuliza mtoto kuliko katuni yoyote niliyowahi kuona. Weka simu chini ya mto, kioo kimezimwa. Bibi akisimulia kwa Kigogo na mtoto haelewi kila neno, vilevile ni sawa. Baadaye atauliza maneno hayo yana maana gani, na hayo ni mazungumzo ya nusu saa.

Kuchora mgongoni ni mchezo mwingine. Mlaze kifudifudi au ubavu, mpake mafuta kidogo, kisha chora kwa kidole herufi moja, tarakimu, au mnyama wa mistari michache. Abahatishe. Mikono yako inamkanda na yeye anadhani ni mchezo. Usiufanye kwa mwenye tetekuwanga au vipele.

Na kama nyumbani kuna marimba ya vidole, ile ilimba ya Wagogo ambayo hayati Hukwe Zawose aliibeba kutoka Dodoma hadi majukwaa ya dunia, sasa ndiyo wakati wake. Sauti yake ni ndogo, haipigi kichwani kama ngoma. Mlazie kifuani ahisi mtetemo, apige ulimi mmoja mmoja kwa dole gumba. Haihitaji kujua wimbo.

Umeme ukikatika usiku, tochi ya simu na ukuta vinatosha kwa mchezo wa vivuli. Ndege kwa viganja viwili, mbwa kwa kiganja kimoja na kidole gumba juu. Tochi imulike ukuta, isimmulike machoni.

Akiegemea mito: treni ya viberiti

Huu naueleza kwa urefu kwa sababu unafaa watoto wa miaka minne hadi tisa, na unatumia kitanda chenyewe kama uwanja.

Chukua viberiti vitano au sita vitupu. Hakikisha hakuna njiti hata moja iliyobaki, na bandika karatasi juu ya ule upande wa kuwashia. Toboa matundu madogo mbele na nyuma, pitisha uzi, funga fundo, viungane kwa nafasi ya kidole kimoja. Kiberiti cha mbele ndicho kichwa. Mwache mtoto akichore madirisha na taa. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza safari mwaka 2024, na watoto wengi wa hapa wameiona au wamepanda, kwa hiyo hutahitaji kueleza sana.

Andika vituo kwenye vipande vya karatasi: Dar es Salaam, Morogoro, Kilosa, Gulwe, Dodoma. Vipange juu ya shuka. Mwambie akunje magoti taratibu chini ya shuka: hiyo ni milima ya Kilosa, na kati ya magoti ni handaki. Akinyoosha miguu, tumefika nchi tambarare ya Ugogo. Treni inavutwa kwa uzi, polepole, kwa vidole tu.

Abiria ni mbegu za maharage au vifungo. Kila kituo wawili wanashuka, watatu wanapanda, naye anakuambia wamebaki wangapi. Mtoto wa darasa la kwanza anafanya hesabu bila kujua. Na kila treni ikisimama, dereva anakunywa funda moja. Hilo usilisahau, hasa kwa mwenye homa au anayeharisha, kwa sababu mtoto anayekataa kikombe kizima hukubali funda la dereva mara kumi na tano bila ugomvi. Akichoka, treni inalala kituoni, na kesho inaendelea kutoka palepale.

Mchezo mwingine wa mkao huu ni mfuko wa kugusa. Tia vitu sita kwenye mfuko wa kitambaa: kijiko, kizibo, gunzi la mahindi, ganda la ubuyu, sega, ndimu. Anaingiza mkono bila kuchungulia, anataja. Ndimu na tangawizi zinaongeza kunusa, isipokuwa kwa mwenye kichefuchefu.

Dirisha nalo ni kazi. Mpe daftari lenye safu nne, kila moja ina picha: bajaji, bodaboda, mtu mwenye ndoo kichwani, mbuzi. Kila kikipita anapiga mstari. Kiangazi ongeza safu ya vimbunga vidogo vya vumbi, vile vinavyozunguka uwanjani na kubeba mifuko ya plastiki. Jioni mnahesabu pamoja nani kashinda.

Akikaa mkekani: kazi za mikono

Bao ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea. Wengi hutumia trei ya mayai kama ubao. Kwa mgonjwa siishauri: trei hubeba uchafu wa kuku na haioshiki. Tengenezeni ubao wa boksi, na kutengeneza kwenyewe ni nusu ya mchezo.

Kata vipande viwili vya boksi gumu, kila kimoja sentimita 40 kwa 15. Kwenye kimoja, mtoto azungushe penseli kwenye mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, mashimo sita juu na sita chini. Wewe kata mashimo kwa wembe. Hiyo si kazi yake. Gundi pikeni wenyewe: vijiko viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji, koroga kwenye moto mdogo hadi iwe nzito, iache ipoe. Apake kwa kidole, mbandike kipande chenye mashimo juu ya kile kizima, mweke sufuria juu. Kwa hewa kavu ya huku, ubao wa asubuhi unaweza kuchezewa jioni.

Kete ni mbegu 48 za ubuyu, zilizooshwa na kuanikwa, nne kila shimo. Bao la wazee lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64, ila kwa mgonjwa safu mbili zinatosha na mchezo unakwisha kabla hajachoka. Kila mmoja ana safu yake. Unachota kete za shimo lako moja, unazigawa moja moja kuelekea kulia, ukizunguka hadi upande wa mwenzako. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu la upande wako, unakula zilizo shimo linalotazamana nalo. Safu ya mmoja ikibaki tupu, mnahesabu. Kama hataki kushindana leo, apange tu mbegu kwa rangi na ukubwa. Mikono inatulia vilevile.

Vizibo vya soda na boksi lenye miraba vinakupa drafti. Huo kila mtaa unaujua, sina la kuongeza, ila vizibo vyenye ncha za kutu vitupwe.

Mkeka wa karatasi ni mzuri kwa mtoto anayependa kimya. Kunja karatasi ya rangi katikati, kata mistari kutoka kwenye mkunjo bila kufika ukingoni, ifungue, kisha asuke vipande vya rangi nyingine: juu, chini, juu, chini. Aliyezidi miaka sita anaweza kutunga ushanga, naye ukingo wa sinia utamsaidia usitawanyike.

Kama ugonjwa utachukua siku nyingi, mpe kitu kinachokua. Weka pamba yenye unyevu ndani ya glasi, punje tatu za maharage kati ya pamba na kioo ili zionekane, na kila asubuhi atie kijiko cha maji. Baada ya siku mbili tatu mzizi unatokeza. Anaupima kwa rula, anauchora kwenye daftari, anaandika siku. Mtoto aliyevunjika mguu na kufungwa plasta ana wiki kadhaa za kusubiri, na maharage yanampa sababu ya kuamka na kuuliza.

Msimu wa zabibu kuna kazi ya kwetu hasa. Wageni wa mgonjwa hapa Dodoma huleta zabibu, wengine wanazitoa moja kwa moja mashamba ya Mpunguzi au Hombolo. Kichala kimoja kioshe, mtoto achambue punje moja moja, azipange kwenye sinia, mzifunike kwa kipande cha chandarua safi na kuzianika juani. Kila siku anageuza, anahesabu, anaonja moja. Anaona ngozi ikikunjamana hadi zinakuwa zabibu kavu, kazi ya wiki mbili hivi au zaidi. Lakini sikiliza hili vizuri: zabibu nzima inaziba kabisa koo la mtoto mdogo kama kizibo. Aliye chini ya miaka mitano mkatie kwa urefu vipande vinne na utoe mbegu, na asile akiwa amelala chali. Karanga nzima na bisi usimpe kabisa mtoto wa umri huo.

Walio chini ya miaka mitatu

Hawa mchezo wao ni wewe. Mbeleko mgongoni, kunyonya anapotaka, na wimbo mmoja unaorudiwa. Akiwa na nguvu kidogo, mpe kikapu cha vitu vikubwa visivyoingia mdomoni: mwiko, kikombe cha plastiki, kitenge, kifuniko cha sufuria. Kificho cha uso kwa kanga hakichoki. Mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevishwa kitambaa anaweza kupewa "dawa" kabla ya mtoto mwenyewe, na mara nyingi mtoto hufungua mdomo akiona mwenzake amemeza. Vizibo, mbegu, vifungo na ushanga visiwe hata karibu naye.

Ugonjwa gani, mchezo gani

Anayeharisha yuko karibu na choo, basi michezo iwe ya dakika tano tano. Chumvichumvi ya pakiti, ile ORS, inachanganywa pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na baada ya kila choo chepesi aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au funda. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole zaidi. Mchezo wa dereva wa treni hapa ni mkombozi. Zinki, vidonge anavyopewa mtoto anayeharisha, amalize siku zake 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Mwenye tetekuwanga shida yake ni kucha. Mkate kucha, kisha mpe kazi za mikono miwili: kusuka karatasi, kufuma uzi vidoleni, kubonyeza unga. Unga wa kuchezea ni kikombe kimoja cha ngano, nusu kikombe cha chumvi na nusu ya maji. Una chumvi nyingi na hauliwi, kwa hiyo kwa mtoto anayelamba kila kitu kanda donge la chapati lisilo na chumvi. Wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga wasimkaribie.

Macho yakiuma au akiwa na surua, mwanga humkera. Shusha pazia, acha vitabu na simu, rudi kwenye vitendawili. Mwenye kifua akae ameegemea, na asichezee chaki wala unga mkavu. Mwenye sikoseli aliyetoka kwenye maumivu awe na joto, anywe maji mengi, asicheze na maji ya baridi.

Simu na televisheni

Sikatazi. Mzazi anayekesha usiku anahitaji kupika na kuoga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa mgonjwa mimi naongeza masharti matatu: iwe mchana, iwe katuni ya taratibu, na sauti iwe ndogo. Skrini ya usiku inamnyima usingizi anaouhitaji apone.

Ukilazimika kwenda kazini

Wengi wetu ofisi ziko Mtumba na ruhusa haipatikani kila mara. Dada au bibi anayebaki na mtoto usimwachie maneno ya mlangoni. Mwandikie karatasi: saa za dawa na kipimo, kiasi cha maji, michezo mitatu tu ya siku hiyo ikiwa tayari kwenye sinia, na dalili za hatari zile za mwanzo zikiwa zimepigiwa mstari. Mwachie nauli ya bajaji na kadi ya kliniki mezani. Kisha mpigie saa nne na saa nane, na swali la kwanza liwe, "Amecheza nini?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko "Anaendeleaje?", ambalo hujibiwa "Vizuri" kila siku. Na dada naye mruhusu aache kufua siku hiyo. Kumkalia mgonjwa ni kazi kamili.

Ndugu zake wasioumwa nao wana wivu wao. Wape cheo: mmoja mchora vituo, mwingine mpeleka maji. Ila wanawe mikono kabla na baada, na vikombe visichanganywe.

Akianza kupona

Siku ya kwanza bila homa atataka kutoka mbio. Mtoe saa kumi na moja jioni jua likishapoa, akae kibarazani na mchezo wake wa mkekani, dakika ishirini, arudi. Kesho ongeza. Shuleni arudi akiwa amemaliza siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha; aliyeharisha asubiri siku mbili tangu choo chepesi cha mwisho, na mwenye tetekuwanga hadi vidonda vyote vikauke magamba. Mwombe mwalimu amruhusu akae kivulini wakati wa michezo kwa siku chache.

Vizibo, mbegu na marimba vioshe au vifute kwa maji ya sabuni, vianike juani, virudi kwenye boksi. Karatasi na boksi alizozipigia chafya tupa, isipokuwa daftari lake la maharage. Nunua kalamu za rangi mpya badala ya zilizokwisha, funika boksi, ulirudishe juu ya kabati.